Kalamu Moja, Soko Zima

Miraa haisubiri. Ikichumwa alfajiri katika mashamba ya Igembe, kaunti ya Meru, hufungwa vibunda, ikavikwa majani ya mgomba isinyauke, na kabla jua halijapinduka pikapu zimeshaondoka Maua, zinateremka Meru mjini na kuifukuzia Nairobi. Siku mbili zikipita bila kufika kinywani, utamu umekwisha na mzigo umegeuka takataka. Ndiyo maana watu wa milima hiyo ya Nyambene wanajua, pengine kuliko Wakenya wengi, uzito wa sahihi ya mkubwa aliyekaa mbali. Soko lao limewahi kufungwa na waziri wa Uingereza, na serikali ya Somalia, na majirani zao wa Embu wakafungiwa na gavana wa pwani ya nchi yao wenyewe.

Tuanze na hilo la mwisho, kwa sababu ndani yake kuna somo zima la mamlaka ya utendaji.

Tarehe 23 Mei 2024, Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alitia sahihi amri ya kupiga marufuku muguka katika kaunti yake. Muguka ni ndugu wa miraa: mmea mmoja, ila huku huliwa majani machanga badala ya vijiti, na bei yake ni ya chini, kiasi kwamba kijana asiye na kazi anaweza kuinunua kila siku. Hukuzwa zaidi Mbeere, kaunti ya Embu. Gavana alitaja afya na vijana wanaoharibikiwa. Gideon Mung'aro wa Kilifi akafuata, kisha Andrew Mwadime wa Taita Taveta. Kwa siku chache tu, biashara ya maelfu ya familia za Embu ikawa kosa katika sehemu kubwa ya Pwani, bila bunge lolote la kaunti kupitisha sheria mpya.

Tarehe 27 Mei, Rais William Ruto alikutana na viongozi wa Embu, akiwemo Gavana Cecily Mbarire, na taarifa ikatoka Ikulu kwamba marufuku hiyo haina nguvu ya kisheria. Hoja yake ilikuwa kwamba muguka inatambuliwa na Sheria ya Mimea ya mwaka 2013 na kanuni za miraa za mwaka 2023, na kwamba kaunti haiwezi kufuta sheria ya taifa. Embu walishangilia. Maua nao walipumua, maana muguka ikifungiwa leo, miraa huenda ikafuata kesho.

Lakini tazama vizuri kilichotokea. Gavana mmoja alifunga soko kwa karatasi, na rais mmoja akalifungua kwa taarifa. Siku hizo hizo ombi lilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Embu, ambayo ilisimamisha marufuku kwa muda ili kesi isikizwe, na hapo ndipo swali lenyewe, la nani ana mamlaka hayo, lilipofika mahali pake. Kwani swali lilikuwepo, tena gumu. Jedwali la Nne la Katiba linaorodhesha udhibiti wa dawa za kulevya miongoni mwa kazi za kaunti. Linaiachia pia serikali ya taifa sera ya kilimo. Na Kifungu cha 209 kinakataza kaunti kutumia uwezo wake wa kutoza ushuru kwa namna inayodhuru biashara kati ya kaunti na kaunti. Mzazi wa Likoni aliyemwona mwanawe akiacha shule kwa ajili ya muguka ana haki ya kusikilizwa sawa na mkulima wa Mbeere anayelipa karo kwa muguka ile ile. Kupima haki hizo mbili ni kazi ya mabunge na majaji, kwa ushahidi na mbele ya watu.

Umma ulipokea amri hizo mbili kwa kipimo kimoja: inanifaa au hainifai? Waliochukia kalamu ya Mombasa waliipigia makofi kalamu ya Ikulu, na pwani wakafanya kinyume chake. Hatari ya mamlaka ya mtu mmoja huanzia hapo, wakati amri bado ni tamu.

Nyambene imeionja amri chungu pia. Mwaka 2013 Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, Theresa May, aliamua miraa ipigwe marufuku, ingawa baraza la wataalamu wanaoishauri serikali yake kuhusu dawa lilikuwa limependekeza isipigwe. Tarehe 24 Juni 2014 marufuku ilianza, na soko la London likafungwa. Machi 2020 Somalia ikasimamisha ndege za miraa kwa sababu ya Korona. Ugonjwa ulipopungua, zuio likabaki, likawa la kisiasa. Lilidumu zaidi ya miaka miwili, hadi Julai 2022, Rais Hassan Sheikh Mohamud alipozuru Nairobi na kuafikiana na Rais Uhuru Kenyatta. Mkulima wa Laare hakuwa na kura London wala Mogadishu, na hakuwa na mlango wa kubisha. Nchini mwake anayo yote mawili. Kwa hiyo inafaa aulize jinsi milango hiyo ilivyotaka kufungwa, na nani alisukuma.

Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilimpa waziri mkuu mamlaka yenye mipaka. Kulikuwa na mabunge ya majimbo, kulikuwa na Seneti. Miaka michache tu ilitosha kuiondoa mipaka hiyo. Tarehe 12 Desemba 1964 nchi ikawa jamhuri, Jomo Kenyatta akawa rais mwenye kofia mbili, ya dola na ya serikali. Majimbo yakanyang'anywa nguvu, kisha yakafutwa. Mwaka 1966, Oginga Odinga alipojitoa katika chama tawala, KANU, Bunge lilipitisha haraka haraka kanuni ya kuwalazimisha waliomfuata kurudi kwa wapiga kura, na mwaka huo huo mlango wa kuwatia watu kizuizini bila mashtaka ukapanuliwa. Seneti ikavunjwa kwa kuunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Hakuna jeshi lililohusika katika haya. Yote yalifanywa bungeni, kwa mikono iliyoinuliwa, na wabunge waliodhani kuwa wanaimarisha umoja wa taifa changa.

Desemba 1975 inaonyesha mambo yalikuwa yamefika wapi. Paul Ngei, waziri na rafiki wa rais tangu jela ya Kapenguria, alikuwa amezuiwa kugombea kwa kosa la uchaguzi. Katiba ikabadilishwa katika mchana mmoja ili rais aweze kumsamehe. Mchana mmoja, kwa ajili ya mtu mmoja.

Mwaka uliofuata, Jackson Angaine, waziri wa ardhi aliyeitwa Mfalme wa Meru, alikuwa miongoni mwa vigogo waliotaka katiba ibadilishwe ili makamu wa rais asikalie kiti moja kwa moja rais akifariki. Walimlenga Daniel arap Moi. Nia yao haikuwa ya kusifiwa. Lakini angalia jinsi walivyonyamazishwa. Mjadala haukupelekwa bungeni wala mahakamani. Mkuu wa Sheria, Charles Njonjo, alitoa taarifa Oktoba 1976 akionya kwamba kuwazia kifo cha rais ni kosa la jinai linaloweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Mjadala ukafa siku hiyo. Hata waliokuwa na nguvu walikuta kwamba katika nyumba waliyosaidia kuijenga, hakukuwa na chumba cha kutoa hoja.

Moi alirithi nyumba hiyo na kuongeza kuta. Juni 1982 Kifungu cha 2A kiliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1986 Mkuu wa Sheria na mkaguzi wa hesabu za serikali waliondolewa ulinzi wa kazi zao. Mwaka 1988 ikawa zamu ya majaji. Mwaka huo huo wapiga kura wa KANU walipangwa mlolongo nyuma ya picha za wagombea, na palipokuwa na mstari mrefu hakukosekana afisa wa kuutangaza kuwa mfupi.

Aliyeyaandika haya kwa ujasiri ni mwana wa Meru, wakili Gitobu Imanyara, aliyeanzisha jarida la The Nairobi Law Monthly mwaka 1987. Wakati magazeti mengi yakipima maneno kwa mizani, yeye alichapisha hoja za vyama vingi waziwazi. Alikamatwa mwaka 1990 na tena 1991, na jarida lake likapigwa marufuku. Mwaka 1991 alitunukiwa Golden Pen of Freedom, tuzo ya kimataifa ya uhuru wa habari. Desemba mwaka huo Kifungu cha 2A kikafutwa. Baadaye aliingia Bunge kwa kura za Imenti ya Kati.

Meru ilikuwa na fikra zake za uongozi kabla ya haya yote. Chini ya Njuri Ncheke, baraza la wazee, uamuzi mzito ulitoka kwenye mkutano, na hakukuwa na mzee mmoja wa kuwaamuru wote. Waingereza walipoingia, walitaka machifu: mtu mmoja, kofia moja, anayejibu kwa Mkuu wa Wilaya na si kwa wanakijiji. Katika miaka ya 1930 H. E. Lambert, Mkuu wa Wilaya aliyekuja kujulikana baadaye kwa utafiti wake wa lahaja za Kiswahili, alitambua kwamba Njuri ndiyo iliyosikilizwa, akaiingiza katika utawala. Baraza hilo halikuwa paradiso, maana wanawake na vijana hawakuketi ndani yake. Hata hivyo anayedai kwamba Mwafrika kwa asili huhitaji mtawala mmoja mkali angeenda Nchiru, Tigania, kwenye makao ya Njuri, ajifunze.

Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huo iliandikwa na watu walioikumbuka vizuri miaka ya 1966 na 1988. Waliugawanya mkate. Kaunti 47, Seneti iliyorudishwa, majaji wanaopendekezwa na tume, mkaguzi wa hesabu asiyeweza kufutwa kwa simu, mihula miwili ya rais na basi. Kuna kifungu kimoja kifupi kisichotajwa sana, cha 135: uamuzi wa rais chini ya Katiba sharti uwe kwa maandishi, wenye muhuri na sahihi yake. Zama za matamko ya barabarani, ambapo mtu alisikia redioni saa saba mchana kwamba amefutwa kazi, zilikusudiwa kuishia hapo.

Mahakama zimeutumia mgawanyo huo wa mamlaka. Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais aliye madarakani. Mei 2021 Mahakama Kuu ilisimamisha mpango wa BBI wa kubadilisha katiba, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba rais hawezi kuanzisha mabadiliko kupitia njia iliyowekewa wananchi. Julai 2023 uteuzi wa makatibu waandamizi wa wizara (CAS) 50 uliharamishwa.

Na magavana? Hapa Embu na Meru zina historia isiyo na kifani. Mapema mwaka 2014, mwaka mmoja tu baada ya ugatuzi kuanza, Martin Wambora wa Embu alikuwa gavana wa kwanza nchini kung'olewa na bunge la kaunti na Seneti. Akaenda mahakamani, akarudi kazini. Akang'olewa tena, akaenda tena mahakamani, na hatimaye akachaguliwa upya mwaka 2017 na kumaliza mihula yake miwili.

Meru iliuzidi mfano huo. Kawira Mwangaza alichaguliwa Agosti 2022 kama mgombea huru, mwanamke wa kwanza kuiongoza kaunti. Miezi minne baadaye, wawakilishi wadi 67 walipiga kura ya kumng'oa. Kamati ya Seneti ikasema madai hayakuthibitishwa. Oktoba 2023 bunge la kaunti likajaribu tena kwa kura 59, Seneti ikamwachilia tena Novemba. Agosti 2024 kura 49, zaidi ya theluthi mbili ya wanachama 69 inayotakiwa, zikapita kwa mara ya tatu, na usiku wa kuamkia Agosti 21 Seneti ikakubali mashtaka yote matatu: kuvunja katiba, mwenendo mbaya na matumizi mabaya ya ofisi. Mahakama Kuu ilisimamisha uamuzi huo, akabaki kazini kwa karibu miezi saba, hadi Machi 14, 2025 mahakama hiyo hiyo ilipoidhinisha kuondolewa kwake. Siku chache baadaye naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa.

Katika mabishano hayo yote, madai ya kuwapa jamaa nafasi, akiwemo mumewe, yalirudiwa mara kwa mara. Yeye aliyakana, akasema anapigwa vita na waliozoea kunufaika na kaunti. Msomaji wa Maua anaweza kuchagua upande wake. Lisilopingika ni kwamba kwa karibu miaka miwili na nusu serikali ya kaunti ilitumia nguvu nyingi kwenye ugomvi, huku barabara na zahanati zikisubiri. Lisilopingika pia ni kwamba gavana alishtakiwa waziwazi, akajitetea kwa wakili, akashinda mara mbili, akashindwa ya tatu, na kila hatua iliandikwa. Ni kelele, na ni gharama, lakini ni tofauti kubwa na taarifa ya Oktoba 1976.

Sasa linganisha na ngazi ya juu. Oktoba 8, 2024 Bunge la Taifa lilimng'oa Naibu Rais Rigathi Gachagua kwa kura 281 dhidi ya 44. Oktoba 17 Seneti ikathibitisha mashtaka matano kati ya kumi na moja, usiku ambao mawakili wake walisema yuko hospitalini. Siku tisa. Novemba 1 Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi akaapishwa, na wengi wa mashariki ya Mlima Kenya wakafurahi kwamba hatimaye kiti kimewafikia. Furaha hiyo inaeleweka. Lakini kasi hiyo inapaswa kuwasumbua hata wao. Gavana wa Meru alichukua miaka kung'oka. Naibu rais aliyekosana na bosi wake alichukua siku tisa. Breki za Katiba zinashika barabara kwenye magurudumu madogo, na zinashika vizuri zaidi pale anayeendesha anapotaka zishike.

Upinzani nao ulipungua kwa njia ya urafiki. Baada ya maandamano ya Juni 2024, vigogo wa ODM, miongoni mwao John Mbadi, Hassan Joho, Opiyo Wandayi na Wycliffe Oparanya, waliingia baraza la mawaziri. Wenye serikali waliuita umoja. Matokeo yake bungeni ni kwamba upande wa kuuliza maswali ulibaki na watu wachache. Tume ya uchaguzi, kwa upande wake, ilikaa bila makamishna tangu mwanzoni mwa 2023 hadi Julai 2025, na maeneo yaliyopoteza wabunge yakakaa bila uwakilishi. Tume isiyo na makamishna haihitaji kupinduliwa na mtu.

Juni 25, 2024 Bunge lilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106 huku vijana wakiwa langoni. Risasi zikapigwa. Kesho yake rais akautupa mswada. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu makumi ya waliouawa katika maandamano ya miezi hiyo, na kufikia Desemba ikahesabu watu 82 waliotekwa na wasiojulikana. Mmoja wao alikuwa kijana wa Embu, aliyechukuliwa siku chache kabla ya Krismasi baada ya picha iliyomkejeli rais kusambaa mtandaoni. Polisi walikana kuhusika. Watu wa Embu waliingia barabarani kumdai, wakatawanywa kwa vitoa machozi, hawakukoma. Mwanzoni mwa Januari 2025 aliachiliwa. Aliyemchukua hakutajwa, na hakuna sahihi iliyopatikana mahali popote. Amri isiyo na sahihi ni mbaya kuliko amri mbaya yenye sahihi, kwa kuwa hakuna jaji anayeweza kuifuta.

Majirani wanaonyesha barabara hii inakoelekea isipozibwa. Uganda iliondoa kikomo cha mihula mwaka 2005 na kikomo cha umri mwaka 2017, vyote kwa kura za bunge, na Yoweri Museveni yuko madarakani tangu 1986. Nchini Tanzania, mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu alishtakiwa kwa uhaini Aprili 2025, na Oktoba mwaka huo rais aliyepo akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97 ya kura, intaneti ikiwa imezimwa. Kenya yenyewe ilijaribiwa mwaka 2024 kwa mswada wa kuongeza muhula kutoka miaka mitano hadi saba. Wananchi walimiminia Seneti barua pepe kwa wingi mno, mswada ukaanguka. Wengi wao hawakuwahi kuandika kwa bunge maishani mwao.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, lakini mkulima wa Maua hana haja ya kungoja hadi hapo. Kifungu cha 119 kinampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi bungeni. Kifungu cha 22 kinasema kila mtu anaweza kwenda mahakamani haki yake ikitishwa, kwa ajili yake au kwa niaba ya asiyeweza. Kwamba hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo. Na kwamba mahakama, ikihitajika, ipokee hata hati isiyo rasmi. Ukurasa mmoja wa daftari, kwa Kiswahili, unatosha kuanzia. Mahakama Kuu iko Meru mjini, ambako pikapu za miraa hupita kila siku.